Karakana za Venice: jinsi ya kumfikia fundi bila kuishia dukani

Mtu anaweza kukaa Venice wiki nzima, akanunua mkufu wa shanga, akapanda gondola, akarudi kwao bila kumwona fundi hata mmoja wa mji huo wa Italia akifanya kazi. Si uvivu wake. Mji umekaa hivyo: duka liko mbele linatazama njia, na karakana iko nyuma ya ua, ghorofani, au kisiwa kingine kabisa, na mara nyingi mlango wake hauna kibao. Mimi nilikwenda kwa ajili ya karakana. Natunga na kuuza mapambo ya shanga Arusha pamoja na kikundi cha akina mama wa Monduli, na kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua shanga kwa kilo bila kujua zilipita mikononi mwa nani. Naandika haya kwa wenzangu wa kazi za mikono, wachonga vinyago, wafumaji, masonara, wanaofikiria safari ya namna hii na hawana pesa ya kupoteza.

Kwa nini Venice? Shanga tunazotumia leo nyingi zinatoka Ucheki, na zile za bei ya chini zinatoka China. Zile za mababu zetu, nyingi zilitoka Venice. Karne ya 19 misafara iliyoondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba merikani, nyaya na magunia ya shanga, na shanga hizo ziliingia kupitia Zanzibar. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake. Msafara uliobeba rangi isiyopendwa ulikwama njiani na mzigo usioweza kununua hata kibaba cha mtama. Samesame, zile nyekundu, zilitafutwa kuliko nyingi nyingine. Shanga hizo zilinunua chakula, zilinunua pembe za ndovu, na zilitumika katika biashara ya watumwa. Nilikwenda nikiyajua hayo, na niliona ni haki yangu kuyauliza nikiwa hukohuko.

Kazi ya kwanza ni barua, na ifanyike miezi mitatu au minne kabla. Orodha yangu ya mwanzo ilikuwa ndefu kupita kiasi, nikaipunguza mpaka zikabaki karakana ninazoweza kukaa ndani yake nusu siku nzima. Karakana nyingi za Venice zina mtu mmoja au wawili. Fundi akikupa saa moja, gesi inaendelea kuwaka na mkono wake hauzalishi kitu. Kwa hiyo niliandika mimi ni nani, nikaweka picha tatu za kazi zetu, nikataja kitu kimoja mahususi ninachotaka kukiona, nikatoa tarehe mbili za kuchagua, na nikasema wazi kwamba nitalipia muda wake. Niliandika kwa Kiitaliano kwa msaada wa programu ya kutafsiri, kisha mtawa mmoja aliyesoma Italia akanisahihishia. Wengine hawakujibu kabisa. Wengine walijibu kwamba wana siku maalumu za wageni na bei yake ni hii. Mama mmoja anayetengeneza shanga kwa mwali wa gesi alijibu upesi kuliko wote, na alianza barua yake kwa kuuliza jinsi tunavyofunga mwisho wa uzi kwenye pambo lililokuwa kwenye picha ya pili. Hapo nilijua nimempata mtu wa kazi mwenzangu. Msiache kutuma picha.

Majibu hayo yana faida nyingine. Yachapishe, uyaweke kwenye maombi ya viza. Ada ya viza ya Schengen, ile ya kuingia Italia na nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000 za matibabu. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla, ila usijaribu kusubiri huo mwisho. Sisi wa biashara ndogo shida yetu kubwa ni kuthibitisha kwamba tuna shughuli itakayoturudisha nyumbani. Mshahara hatuna, barua ya mwajiri hatuna. Nilipeleka cheti cha usajili wa jina la biashara, TIN, risiti za kodi, taarifa ya benki ya miezi sita, barua ya kikundi iliyosainiwa na viongozi wake, na majibu ya mafundi. Kama mauzo yako yote yanapita kwenye simu na mengine mfukoni, anza mapema kuyapitisha benki. Benki ikikaa tupu, halafu pesa nyingi ikaingia wiki moja kabla ya maombi, maswali yatafuata. Nilisubiri jibu kwa wasiwasi mkubwa, silali vizuri, kwa sababu nauli ilikuwa imetoka kwenye akiba ambayo ingenunua malighafi ya msimu.

Kuhusu tarehe: epuka Agosti. Matanuru mengi ya Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo, huzimwa mwezi huo kwa matengenezo na mapumziko, na mtu aliyesafiri mbali kuja kuona moto atakuta mlango umefungwa. Septemba kuna wiki ya vioo, The Venice Glass Week, iliyoanza 2017, na wakati huo karakana nyingi hufungua milango, lakini vyumba ni ghali. Mimi nilichagua Oktoba. Ni mwanzo wa msimu wa maji kujaa, ingawa tangu Oktoba 2020 wana milango ya chuma ya MOSE inayoinuliwa kwenye mdomo wa bahari kuzuia maji. Fundi mmoja alinionyesha ukutani mahali maji yalipofika usiku wa tarehe 12 Novemba 2019, yalipofika sentimita 187 kwenye kipimo cha bahari cha mji. Karakana za chini zilipoteza mashine, karatasi, mbao, kila kitu. Aligusa ile alama kwa kidole akaendelea na kazi yake.

Chumba nilipanga Mestre, upande wa bara, na kila asubuhi nikapanda treni. Ni kama dakika kumi tu, na tofauti ya bei ni kubwa. Ukishafika mjini, usafiri ni boti ya abiria, vaporetto, ambayo ndiyo daladala yao. Tiketi moja ni euro 9.50 na inadumu dakika 75, kwa hiyo safari chache za kwenda na kurudi Murano zinamaliza pesa haraka. Tiketi ya siku saba kwa euro 65 ndiyo iliyoniokoa. Kwenda Murano panda 4.1 au 4.2 kutoka Fondamente Nove. Kwenda Burano, kisiwa cha lesi, ni namba 12, kutoka hapohapo. Siku fulani za masika na mwanzo wa kiangazi mji hutoza ada wageni wa kutwa wanaoingia mji mkongwe, euro 5 ukilipa mapema na 10 ukichelewa. Anayelala ndani ya manispaa, Mestre ikiwemo, halipi ila anatakiwa kujiandikisha apate kibali cha msamaha. Angalia tarehe zako kabla.

Anwani nazo zina utaratibu wao. Nyumba hazihesabiwi kwa mtaa, zinahesabiwa kwa wilaya nzima, kwa hiyo unapewa namba kama Santa Croce 1320 na namba jirani inaweza kuwa ng'ambo ya mfereji. Muulize fundi akutajie daraja, kanisa au kituo cha boti kilicho karibu, na jipe nusu saa ya kupotea. Kuchelewa kwa mtu aliyesimamisha kazi yake kukungojea ni jambo la aibu.

Sasa nieleze ile boti ya bure, maana wageni wengi huipata. Nyumba za kulala wageni nyingi zitakuambia kuna safari ya bure kwenda kuona kiwanda cha kioo Murano, boti inakuja kukuchukua mlangoni. Nilialikwa kwenye moja, nikapanda kwa sababu nilitaka kuona inavyoendeshwa. Kiwandani tulikaa kwenye mabenchi, mzee mmoja akatoa donge la kioo tanuruni, akalivuta kwa koleo, na kwa dakika chache tu farasi akasimama kwa miguu ya nyuma. Kazi safi ya mkono, siibezi. Kisha mlango wa pili ukafunguliwa na tukaingia vyumba vya mauzo, kimoja baada ya kingine, kila mgeni na mtu wake wa kumfuata. Bei ilitajwa, ikashushwa, ikashushwa tena kila mtu alipogeuka kuondoka. Mimi aliyenifuata alinitazama mikono kuliko uso, nami nikaelewa ananidhania nini, nikaumia. Nilitoka nikatembea hadi kituo cha Colonna. Boti ya kurudi ni ya bure kwa aliyenunua; wengine hujitafutia. Asiyetaka kununua apande boti ya abiria, aende mwenyewe.

Kuna alama ya kutafuta: Vetro Artistico Murano, nembo inayolindwa na sheria ya mkoa wa Veneto ya mwaka 1994, inayobandikwa kwenye kazi iliyotengenezwa kisiwani. Si kila karakana halisi inaitumia, kwa hiyo ukosefu wake peke yake hauthibitishi kitu, lakini ukiiona una pa kuanzia. Dukani, muulize muuzaji nani alitengeneza na wapi. Anayejua hujibu papo hapo, na mara nyingi anafurahi kuulizwa.

Matanuru yako Murano tangu 1291, serikali ya Venice ilipoamuru yahamishwe kutoka mjini kwa kuogopa moto. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao. Tanuru halisi la kazi nililoingia halikuwa na mabenchi ya wageni. Nilisimama pembeni, mgongo ukutani, nikiwa nimekatazwa kusogea hadi niambiwe. Kioo huyeyushwa usiku, kwenye joto linalokaribia nyuzi 1,400, asubuhi kinashushwa moto kidogo ili kiweze kufinyangwa. Timu yao wanaiita piazza. Fundi mkuu, maestro, ameketi kwenye benchi lenye mikono miwili ya chuma, anazungusha bomba la kupulizia bila kusita hata nukta, maana kioo cha moto kikiachwa kinaanguka upande. Msaidizi wake wa kwanza anamletea kioo kingine kwa kiasi na wakati uleule anaouhitaji. Kijana wa mwisho anafungua na kufunga mlango wa tanuru, anashika kibao cha kukinga joto. Hawakusemezana. Nilingoja amri zitoke, hazikutoka. Fundi aliinua kiwiko kidogo tu na mtu akawa amefika.

Baadaye, wakati wa kahawa, mazungumzo yalikuwa ya gesi. Tanuru haliwezi kuzimwa jioni na kuwashwa asubuhi. Linawaka usiku na mchana. Bei ya gesi ilipopaa mwishoni mwa 2021 na mwaka 2022, matanuru kadhaa yalizimwa kwa muda, na mengine hayakurudi yalivyokuwa. Tatizo la pili ni vijana. Mji mkongwe wa Venice umeshuka chini ya wakazi 50,000 tangu 2022, na kijana anayetaka kujifunza kazi ya kioo hana mahali pa kupanga kwa mshahara wa mwanagenzi, kwa sababu vyumba vimegeuzwa vya watalii. Nilifikiria vijana wetu wanaokimbilia bodaboda, nikaona hesabu yao inafanana: anayejifunza anatakiwa ale kabla hajawa fundi.

Siku iliyonifaa kuliko zote ilikuwa ya yule mama wa shanga. Nililipa euro 120 kwa nusu siku, mimi peke yangu. Kuna mafunzo ya bei ndogo zaidi ya watu wengi kwa pamoja, na kwa mtu anayetaka kuonja tu yanatosha. Mimi nilitaka mkono wangu usahihishwe.

Shanga za mwali hutengenezwa hivi. Una mwali wa gesi mezani, una fito za kioo zenye unene wa kalamu, na una sindano ya chuma iliyopakwa udongo mwembamba ili kioo kisigande. Ufito unaingizwa kwenye mwali taratibu, kutokea pembeni. Ukiuingiza ghafla unapasuka na vipande vinaruka. Kioo kikilainika kinaning'inia kama asali, nawe unakizungushia kwenye sindano, na kuanzia hapo vidole vyako havina ruhusa ya kusimama. Unavaa miwani maalumu inayochuja mng'ao wa manjano, bila hiyo huoni unachofanya na macho yanaumia. Rangi zinadanganya zikiwa na moto. Nyekundu inaonekana nyeusi, nyeupe inaonekana kama imetoweka, na unafanya kazi kwa kukumbuka unachokijua. Yule mama alikuwa akinishika kiganja kwa nyuma na kukizungusha pamoja nami, akisema neno moja tu, piano, polepole. Shanga yangu ya kwanza ilikuwa na umbo la yai. Alisema ni nzuri, akaniwekea ufito mwingine mkononi.

Yapo mambo matatu ya vitendo hapa. Shanga ikikamilika haipoi mezani. Inaingia kwenye tanuru dogo la nyuzi mia tano na kitu, na inashushwa joto kwa masaa mengi, la sivyo itapasuka leo au mwezi ujao. Maana yake utazichukua kesho yake, kwa hiyo usiweke mafunzo siku ya mwisho ya safari. Pili, waridi na nyekundu za rubi zinapata rangi yake kutokana na dhahabu halisi, na ufito wake una bei tofauti kabisa na bluu au kijani. Mtu akikuuzia mkufu wa waridi wa dhahabu kwa bei ya kahawa, unajua. Tatu, vioo havichanganywi ovyo. Kila aina hutanuka kwa kiwango chake ikipata joto, na kioo laini cha Murano ukikiunganisha na chupa ya bia au kioo cha maabara, vitaachana na kupasuka. Wanaotaka kuanza nyumbani wafahamu hilo kabla hawajanunua fito.

Tena, kama hujawahi kusimama mbele ya kioo cha moto, anzia kwetu. Kitengela, kusini ya Nairobi, kuna tanuru linaloyeyusha vioo vilivyotumika na watu wanapuliza kila siku. Arusha ipo Shanga, ambako watu wenye ulemavu wanafanya kazi ya kioo cha chupa na kufuma. Nilikuwa nimefika huko kote kabla, na maswali niliyokwenda nayo Venice yalizaliwa huko.

Yale mabanda ya kutengeneza shanga ndogo kabisa, conterie, zile ndugu za tunazotunga sisi, hayafanyi kazi tena. Kiwanda chake kikubwa cha Murano kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilichobaki kiko kwenye jumba la makumbusho la kioo, lililoanzishwa 1861, na msilipite. Nilisimama hapo muda mrefu. Zamani zilitengenezwa hivi: donge la kioo lenye tundu la hewa lilishikwa na watu wawili, wakakimbia kila mmoja upande wake na bomba lake, na donge likavutika kuwa mrija mwembamba wa mita nyingi sana, tundu likiwa bado lipo ndani. Mrija ulikatwa vipande vidogo, vipande vikachanganywa na unga wa makaa na chokaa ili matundu yasizibe, vikazungushwa kwenye moto mpaka kingo zikawa mviringo. Kisha zikatoka kiwandani kwenda kwa wanawake.

Wanawake hao waliitwa impiraresse. Walikaa mlangoni na vichochoroni, sinia la mbao mapajani limejaa shanga, na mkononi wameshika sindano ndefu nyembamba nyingi kwa pamoja, zimefunguka kama kipepeo. Walizichovya kwenye shanga, wakazitikisa, na shanga zikapanda zenyewe. Walilipwa kwa kipande, kupitia mwanamke wa kati aliyegawa kazi. Mwaka 1904 waligoma. Shanga zilizofika Zanzibar zilikuwa zimetungwa na mikono hiyo, na waliozitunga walikuwa maskini. Nilikuwa nimekwenda na hasira ya haki kuhusu shanga hizo, na sikuipoteza, lakini nilitoka pale nikiwa na watu wengi zaidi wa kuwafikiria. Desemba 2020 sanaa ya shanga za kioo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa binadamu ya UNESCO, kwa maombi ya Italia na Ufaransa kwa pamoja.

Karakana nyingine nitazitaja kwa kifupi. Bevilacqua, wafumaji wa mahameli tangu 1875, wana mitambo ya mbao ya karne ya 18 na wanapokea wageni kwa miadi. Kwa mahameli ngumu zaidi mfumaji anasogea kama sentimita 30 kwa siku. Nenda ukaone hata kama hujawahi kushika uzi. Orsoni, wilaya ya Cannaregio, wanatengeneza vioo vya mozaiki tangu 1888 na wana chumba cha rangi zaidi ya 3,500 zilizopangwa kwenye rafu hadi darini. Mtu anayefanya kazi na rangi atatoka pale ameshiba. Karakana ya gondola ya San Trovaso unaweza kuitazama ukiwa ng'ambo ya mfereji, bure. Gondola ina upande mmoja mpana kuliko mwingine kwa sentimita 24, kwa makusudi, ili mtu mmoja mwenye kasia moja aende moja kwa moja, na mti wa kuegemezea kasia, forcola, huchongwa na fundi mwingine kabisa, kwa mti wa jozi, kulingana na mwili wa mpiga kasia. Waunda mashua wa Lamu na Mafia wangezungumza na watu hawa siku nzima.

Burano iliniletea huzuni kidogo. Lesi nyingi madukani haikushonwa kisiwani. Ile halisi, ya sindano, ilikuwa ikipita kwa wanawake kadhaa, kila mmoja na mshono wake anaoujua, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinachukua wiki nyingi. Shule yao ilianzishwa 1872 na ikafungwa 1970. Jengo lake sasa ni makumbusho, na humo wakati mwingine hukaa wanawake wazee wakishona mbele ya wageni. Niliwasalimu, nikaketi. Mmoja alinionyesha kwa vidole jinsi uzi unavyopita juu ya karatasi. Hakuna kijana aliyekuwa karibu nao.

Kabla sijaondoka kwa yule mama wa shanga nilimwomba anieleze anavyopanga bei. Alifungua daftari. Dakika za mwali, gesi, kioo, usiku wa tanuru, pango, kodi, na safu moja ya shanga zilizopasuka. Shanga iliyoharibika nayo ina gharama, akasema, na inalipwa na iliyopona. Alikuwa anaandika hivyo kila siku ya kazi. Sisi tulikuwa tunapanga bei kwa kuangalia jirani anauza ngapi.

Nyumbani niliwaonyesha akina mama picha za impiraresse. Koko, mkubwa wetu kwenye kikundi, aliishika simu karibu na macho.

"Hawa walilipwa kwa kipande?"

"Ndiyo, Koko. Kwa kipande."

"Na uzi ukikatika?"

"Hasara yao."

Alinirudishia simu. "Basi tuandike na sisi," akasema. Tulianza wiki ileile: kila pambo na saa zake, uzi uliokatika, shanga zilizokuja na matundu mabovu, nauli ya kutoka Monduli. Ilionekana kwamba mkufu mpana tuliojivunia kuliko yote tulikuwa tunauuza chini ya gharama ya muda wake. Tulipandisha bei. Wanunuzi wa jumla waliozoea bei ya zamani wengine waliondoka, na miezi ya kwanza ilikuwa migumu, siwezi kuficha. Waliobaki wanauliza saa ngapi zimetumika, nasi tunayo majibu kwenye daftari.

Mwisho ni mizigo. Fito za kioo nilizifunga kwa nguo ndani ya bomba gumu la plastiki na kuziweka kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, maana mkononi zinafanana na silaha na utazibishania uwanjani. Ukinunua zaidi ya euro 70 kwa duka moja kwa siku moja, na duka liwe kwenye mpango huo, unaweza kudai kodi ya VAT unapoondoka Ulaya. Dai fomu wakati wa kulipa, uwe na pasipoti, na ufike uwanjani mapema forodha waithibitishe kabla hujakabidhi sanduku. Risiti zote zitunze kwenye begi la mkononi. Ukishuka nyumbani na kilo kadhaa za malighafi ya biashara, forodha watauliza, na risiti yenye bei ya kweli itakusaidia kuliko maelezo.